Jumatano Nilikuwa Wapi

Mimi niliwahi kumsalimu maiti redioni. Msicheke. Mzee mmoja wa kijiji cha Jego, mshabiki wa kipindi changu cha salamu tangu siku za mwanzo, alifariki alfajiri ya Jumatano, na tanzia yake ikasomwa katika redio yetu hiyohiyo saa mbili asubuhi: ukoo wake, watoto wake, na kwamba maziko ni baada ya sala ya adhuhuri. Kufika saa nne watu wamejaa matangani, redio imewekwa dirishani ili wasikie tanzia ikirudiwa, mara sauti yangu ikatoka nyororo kama kawaida: "Mzee wetu wa Jego, najua unanisikiliza saa hizi. Mbona leo kimya? Au bado umelala? Hebu amka unipigie, niko hapa studio nakungoja."

Nilihadithiwa baadaye kwamba mjane alipiga ukelele uliosikika hadi barabarani, na mtoto mmoja wa marehemu akaichukua ile redio akaitupa uani. Simu zikaanza kumiminika studio. Watu walitukana matusi ya nguoni, na haki yao. Nami sikuwapo kuyapokea.

Kile kipindi nilikuwa nimekirekodi Jumanne jioni. Sisi watu wa redio husema "mubashara", husema "muda huu", hutaja hata manyunyu yanayoanguka nje, kumbe mtangazaji yuko kwao anapara samaki. Ni mambo ya kazi, kila redio hufanya, lakini msikilizaji haambiwi ng'o, kwa sababu anayetuma salamu anataka kuwe na mtu hai upande wa pili. Jumatano zangu zote, kwa miezi kadhaa, zilikuwa za kurekodi. Wenzangu kazini walijua. Wasichojua ni kwa nini, na ninakokwenda. Wakiniuliza niliwaambia nina shughuli za nyumbani, wakaridhika, kwa kuwa hawakuwa na haja ya kujua zaidi. Baada ya maiti wa Jego, haja ikaja.

Nilikuwa ninakwenda Mombasa na mkuu wetu wa vipindi, katika gari lake. Redio nzima tulimwita Mwalimu, maana hakuna sauti pale ambayo hakuifinyanga yeye. Kwa asili ni mtu wa bara. Wazazi wake walikuja kwenye mashamba ya makazi kule Shimba Hills yeye akiwa mdogo, na mkewe bado analima huko, lakini Kiswahili chake kingekufanya uape kwamba kitovu chake kimezikwa Vanga. Mimi alinichukua nikiwa ndiyo kwanza nimeachwa, nimerudi kwa mama Msambweni, sina kazi wala hamu ya kuoga. Alinipa gazeti nisome. Akanisikiliza kwa macho yaliyofumbwa, halafu akasema, "Wengine wanasoma, mwanangu. Wewe unasema na mtu." Fadhila ile sikuisahau, na ndiyo iliyonitia kitanzini.

Masikio yake niliyagundua mimi. Siku moja feni iliyokuwa nyuma yake ilianza kutoa cheche na moshi, nikampigia kelele kutoka mlangoni, na Mwalimu akaendelea kufungua kurasa za gazeti lake kwa raha zake. Nilipomgusa bega aliruka. Tulipokwisha kuizima feni alifunga mlango wa studio akanieleza akiwa ananitazama midomo. Sikio la kulia lilikuwa limekwisha. La kushoto lilikuwa limebakia kidogo, na hicho kidogo kilikuwa kinapungua. Daktari wa masikio Mombasa alimtaka kila Jumatano, na hakuweza kwenda peke yake, kwa sababu muuguzi akiita jina hasikii, na daktari akieleza haelewi. "Nahitaji mtu anisikilizie," akasema. Maskini, alisema kwa aibu kana kwamba ananiomba nimwogeshe.

Nikamwuliza kuhusu mkewe. Akacheka. "Mke wangu akijua, Jumapili nitaombewa kanisani kwa jina. Jumatatu mwenye redio ameshapata habari." Mwenye redio ni mfanyabiashara wa Diani ambaye aliwahi kumfukuza mtu kwa kukohoa hewani. Mwalimu alitaka avumilie tu hadi mtoto wake wa mwisho amalize chuo. Basi mimi, kwa kiherehere changu, bila hata kuombwa, nikala yamini: Wallahi simwambii mtu, si mama yangu, si mume nitakayempata. Nilijiona shujaa siku hiyo.

Tukawa tunafanya kazi kama hivi. Akivaa hedifoni na kufungua sauti mpaka mwisho, anasikia. Kusoma habari hakukumsumbua, kunatumia macho na mdomo. Shida ilikuwa mahojiano ya simu na waandishi wetu wa Kinango, wa Lungalunga, wa Mackinnon Road. Hayo niliyatengeneza mimi. Nilimpigia mwandishi kwanza, nikarekodi majibu yake, nikayakata vipande, kisha Mwalimu akarekodi maswali yake peke yake akiyasoma karatasini, nami nikaviunga. Nikaacha pumzi hapa, nikaweka "ehe" pale, hata kicheko nilikuwa nacho akiba. Ukiyasikia ungedhani watu wawili wanakunywa chai meza moja. Wengine walimsifu kwamba siku hizi anahoji vizuri kuliko zamani.

Sasa tuje kwenye maneno ya watu.

Alianza bawabu. Yeye alikuwa ameniona Jumatano moja Kona ya Musa, karibu na kituo cha mafuta, ninaingia garini mwa Mwalimu nikiwa na ushungi umenifunika hadi machoni. Mbona nisipande pale getini kazini? Mbona nijifunike? Tulikuwa tumekubaliana hivyo ili watu wasiseme, na kule kujificha ndiko kulikosemwa. Bawabu alimwambia mwenzangu wa kipindi cha akina mama, na ukishamwambia huyo, umetangaza.

Huyo dada nilikuwa ninakula naye mahamri sahani moja. Hakunisema kwa ubaya, la. Alinisema kwa huruma, na huruma ya mmbea inaua kuliko chuki. "Mwacheni masikini," alikuwa akisema pale penye birika la chai, "mtalaka naye ni binadamu, ana mwili." Mtu akikutukana utamjibu. Akikuhurumia utamjibu nini? Mwezi haukwisha, nikawa nimeonekana nyumba ya wageni Likoni. Nikawa na mimba. Nikawa nimeitoa. Mke wa Mwalimu akawa amekuja kutoka Shimba Hills na panga, akazuiwa getini na bawabu yuleyule, ambaye ukimwuliza anakuna kichwa. Kijana wa michezo, mtu wa bara mwenye mdomo mwepesi, alinipokea asubuhi moja kwa kunipigia saluti: "Siz, sasa wewe ndio mkubwa. Ruhusa tunaomba kwako ama kwa Mwalimu?" Wote wakacheka. Na mimi nikacheka, mjinga mimi, kwa sababu sikujua uso niuweke wapi.

Kitu kibaya cha umbea wa redioni ni kwamba wasemaji ni mafundi. Wanajua kushusha sauti ikabaki palepale mezani. Ukiingia wananyamaza wote kwa pamoja. Nilikuwa ninafungua mlango ninakutana na ule unyamavu, ninatia chai yangu, ninatoka, na kabla mlango haujarudi mahali pake wamekwisha kuanza. Na Mwalimu anapita katikati yao anasalimia, anauliza hali za watoto, ametulia tuli. Umbea husemwa kwa kunong'ona, na minong'ono ndiyo iliyomtoka masikioni mwanzo. Nilimwonea wivu wallahi. Kisha nikamwonea huruma. Kisha nikakasirika, kwa sababu hata ningetaka kumwambia, ningemwambiaje? Ofisini ni vibao vya mbao vinavyotenganisha vyumba. Kumwambia Mwalimu jambo la siri ilikuwa lazima upige kelele. Garini macho yake yako barabarani, midomo yangu haioni, na kuyaandika niliona haya.

Ningevumilia yote. Mimi nimeachwa mbele ya ukoo mzima, sitishwi na birika la chai. Lakini wakati huo nilikuwa nimeposwa.

Alikuwa fundi wa friji na viyoyozi vya mahoteli, mwenyeji wa hapohapo Msambweni, mjane aliyefiwa na mkewe, mpole, mwenye karakana yake ndogo njia ya kwenda Diani. Tulijuana kwa redio. Kutwa anafanya kazi na redio imewashwa, na siku moja alinipigia hewani kuniambia kwamba nimelitamka vibaya jina la kijiji chao. Nikamjibu kwa ukali. Akapiga tena kesho yake kuomba radhi, na keshokutwa bila sababu. Shangazi yake ndiye aliyeleta posa, na mama aliipokea akilia. Mtajua nini nyinyi! Mtalaka hana akiba ya jina. Msichana akisingiziwa watu husema ni uongo mpaka ithibitike. Mtalaka akisingiziwa watu husema, "Si ndiyo maana aliachwa." Mimi nilikuwa nimepata mtu ambaye hakuniuliza hata mara moja kwa nini niliachwa, na nilimtaka. Naandika hivyohivyo, nilimtaka mno.

Maneno yakavuka Gazi yakafika Msambweni. Mama aliyasikia kisimani, au sokoni, sikumbuki. Ninachokikumbuka ni kwamba nilirudi kutoka kazini nikakuta wanawake wamejaa uani, mama zangu wadogo, mashangazi, majirani, wote wamevaa leso zilizopigwa pasi, na mmoja ameleta ngoma ndogo. Nikajua. Walikuwa wanajitayarisha kwenda kumsuta yule dada wa kipindi cha akina mama.

Kwa asiyejua, kwetu mtu akikuzulia hukimbilii polisi. Wanawake wako wanamwendea mchana kweupe, nyumbani kwake au kazini kwake, wanamzunguka, wanamwuliza mbele ya watu: Umesema hukusema? Umemwona au umehadithiwa? Na aliyemhadithia naye analetwa hapohapo. Mzushi akishindwa kujibu anaimbiwa, anapigiwa vigelegele vya aibu, na tangu siku hiyo akitaja jina lako mtaa mzima unamwambia nyamaza, wewe umeshasutwa. Umbea huo unakufa. Nimeona wanawake wakihama mji kwa kusutwa.

"Shikamooni," nikasema.

"Marahaba," wakaitika, na mama akaja akanishika mikono. Macho yalikuwa yanamwaka. "Mwanangu, kesho asubuhi tunakwenda. Gari tumeshapata. Jambo moja tu nataka kutoka kwako. Yule mwanamke tukimbana atasema, haya, kama si kwa yule mwanamume, Jumatano alikuwa wapi? Hapo lazima tuwe na jibu, na shahidi wa jibu. Ndiyo desturi, huendi kumsuta mtu mikono mitupu. Basi niambie, Jumatano ulikuwa wapi?"

Wanawake wote wakanigeukia. Nilikuwa na jibu, na shahidi nilikuwa naye, tena mtu mzima anayeheshimika pwani nzima. Neno lenyewe lilinijia mpaka kwenye ulimi. Lakini kulisema mbele ya wanawake wale ilikuwa ni sawa na kulisoma kwenye taarifa ya saa moja.

"Msiende," nikasema.

"Ehe?"

"Mama, msiende. Yaacheni. Yatakwisha yenyewe."

Sitausahau uso wake. Aliniachia mikono taratibu. Shangazi mmoja akafungua leso yake kiunoni akaikunja, mwingine akasema, "Haya, twendeni zetu, mwenye mwana amejua," na wakatoka mmojammoja bila kuniaga. Kukataa kusutiwa, kwetu, ni kukiri. Nilijua hivyo wakati ninasema. Mama aliingia ndani akaanza kuchagua mchele na hakuninenea neno mpaka kulipokucha, na aliponena aliniuliza kama nitakula mkate au viazi.

Nililia siku hiyo. Si kwa aibu, kwa hasira. Nilikuwa nimejifungia ndani kwa mkono wangu, na ufunguo nimempa mtu asiyesikia nikibisha.

Mchumba wangu alikuja Jumapili baada ya alasiri. Hakuingia, alikaa barazani, akazungusha kofia yake mkononi. "Shangazi anataka kuja kuichukua posa yake," akasema. "Nimemwambia angoje. Mimi, mwenzangu, sikuulizi umefanya nini. Kila mtu ana yake. Ninakuuliza Jumatano unakwenda wapi, basi. Nitajie mahali tu. Ukinitajia mahali, nitawanyamazisha wote."

"Nipe nafasi kidogo," nikasema. "Kuna mtu lazima nimwombe ruhusa kwanza."

"Mtu."

"Ndiyo."

"Mwanamume?"

Nikavuta leso yangu kichwani. Akavaa kofia yake. "Nitakungoja," akasema, na alivyosema nilijua kwamba hatanigoja sana.

Kulipokucha nilikwenda kazini mapema. Tulikuwa na mahojiano ya kuunga, Mwalimu na mwandishi wetu wa Lungalunga, ya taarifa ya saa saba, kuhusu ndovu waliovamia mashamba. Tulirekodi maswali, nikakata, nikaunga, nikamwachia fundi mitambo ayapige wakati ukifika. Halafu nikamfanyia Mwalimu ishara abaki. Nikafunga mlango wa studio. Nikamvika hedifoni, nikafungua sauti yote, nikakaa upande wa pili wa meza mbele ya maiki. Mashine zote za kwenda hewani nilikuwa nimezifunga na nilizikagua mara ya pili. Ilikuwa ndiyo njia pekee ya kumwambia jambo kwa sauti ya chini akasikia.

"Mwalimu," nikasema kwenye maiki, "watu wanasema mimi ni hawara wako."

Hakushtuka. Alinitazama tu.

"Wanasema Jumatano tunakwenda kulala Likoni. Mama yangu ameaibika. Posa yangu inarudishwa. Nakuomba unifungue kiapo changu nimwambie mtu mmoja tu, mchumba wangu. Yeye ni mtu wa siri. Mtu mmoja."

Mwalimu akavuta pumzi. Akasema kwa ile sauti yake nzuri ambayo imewasomea habari watu wa Kwale miaka nenda miaka rudi, "Nilijua, mwanangu."

"Ulijua nini?"

"Hayo maneno. Yule kijana wa michezo alinionyesha jumbe zao kwenye simu yake, siku nyingi sasa. Walikuwa wananisifu humo. Eti mzee bado ana nguvu." Akajaribu kutabasamu, akaacha. "Sikukanusha."

Nilidhani ni mimi sasa ninayesikia vibaya. Nikamwuliza kwa nini.

"Fikiri," akasema. "Walikuwa wameanza kuuliza. Mbona Mwalimu haitiki akiitwa? Mbona hapokei simu? Mbona Jumatano hayupo? Yalipotoka hayo ya kwako, wakaacha kuuliza. Wakawa wana jibu. Mwenye redio mwenyewe aliyasikia, akanipiga bega. Mwanamume mwenye mwanamke hafukuzwi kazi, mwanangu. Kiziwi anafukuzwa."

Jamani! Nilikuwa nimekula sumu kwa ajili yake, kumbe yeye ananitazama ninavyoila na inamponya. Halafu maneno yakaja yote kwa pamoja, na sikutumia maiki wala sikujali vibao vya mbao. Nilimwambia kwamba nilimwita baba. Nilimwambia kwamba mkewe naye anasikia hayo hayo huko shambani, na je, yeye alimwuliza kama anataka kuwa pazia? Nilimwambia mambo mengine ambayo mtu mzima haambiwi. Yeye alikwisha kuvua hedifoni. Alikuwa ananitazama midomo, na nadhani mengi yalimpita.

Nilipokwisha akasema taratibu, "Kijana akikupenda atangoja. Mwanangu anamaliza chuo mwisho wa mwaka."

"Kiapo changu kimekwisha leo," nikamjibu, na hilo nilihakikisha amelisoma vizuri.

Nikatoka. Sikumuaga mtu. Nilikwenda moja kwa moja hadi karakanani kwa mchumba wangu, jua la mchana limesimama kichwani, vumbi mpaka magotini. Nilimkuta amefungua kiyoyozi cha hoteli, vyuma vimetandazwa juu ya gunia, redio iko juu ya rafu ya misumari. Akaniletea kiti. Akanipa maji. Nilikunywa nikamwambia yote, tangu feni na moshi, mpaka hospitali, mpaka kiapo, mpaka nilivyotoka pale asubuhi ile. Nilisema upesi na kwa furaha, kwa sababu hatimaye nilikuwa ninasema, na nilikuwa nimekwisha kuona mbele yangu mama akimpokea shangazi kwa mara ya pili.

Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akauliza, "Kiziwi?"

"Kiziwi. La kulia limekwisha, la kushoto kidogo."

"Mwalimu ninayemjua mimi? Wa taarifa ya habari?"

"Huyohuyo."

Akajifuta mikono kwa kitambaa, kidole baada ya kidole. Nikamwambia kama haamini aje Jumatano, apande gari pamoja nasi, akamwone daktari mwenyewe. "Niwafuate nyinyi wawili mpaka Mombasa niwapeleleze?" akasema. "Mimi nimekuwa askari?" Hakuwa amekasirika bado. Alikuwa na huzuni, na nilianza kuogopa.

Ikagonga saa saba. Taarifa ya habari ikaanza juu ya rafu, na sauti ya Mwalimu ikajaa karakanani. Habari za gavana, habari za barabara. Kisha akasema tunaye mwandishi wetu kwenye simu, moja kwa moja kutoka Lungalunga. "Hujambo huko?" "Sijambo Mwalimu, shikamoo." "Marahaba, marahaba. Haya, tuambie, hao ndovu wameingia lini?" Mwandishi akajibu. Mwalimu akamkatiza kidogo, akamwuliza palepale juu ya jambo alilolisema. Mwandishi akaeleza jinsi ndovu mmoja alivyokula sabuni ya mtu, na Mwalimu akacheka, ha ha ha, akasema, "Basi huyo sasa ni msafi kutushinda."

Mchumba wangu akanigeukia. "Huyo ndiye kiziwi wako?"

"Yamerekodiwa," nikasema. "Nimeyaunga mimi asubuhi. Hawakuongea hata kidogo hao, nakuapia. Hicho kicheko ni cha mwezi uliopita."

"Anasema moja kwa moja."

"Ndivyo tunavyosema! Hata mimi Jumatano husema niko studio, na siko."

Nilidhani hilo litanisaidia. Aliniangalia muda mrefu, mtu mpole, mtu niliyemtaka, na mafuta ya mashine kwenye kucha zake.

"Miaka hii yote," akasema, "kutwa ninakusikiliza. Unaniambia niko hapa, nawe hupo. Unaniambia watu wanaongea, na hawaongei. Na leo umekuja hapa unaniambia haya." Akainama akaokota bisibisi yake. "Sasa mimi, mwenzangu, nitajuaje?"

Nikafungua mdomo. Mimi, ambaye kazi yangu ni kusema, niliyesifiwa kwamba ninasema na mtu, nilitafuta sauti ambayo angejua ni ya kweli, na sikuipata hata moja ambayo hajawahi kuisikia redioni. Yeye alikwisha kurudi kwenye kiyoyozi chake. Nilibaki nimesimama katikati ya vyuma, nikimsikiliza Mwalimu akicheka tena, palepale nilipomwekea kicheko.